Aliyenawa Kwanza

Katika mji ule asubuhi haianzi kwa kuulizana umeamkaje. Watu hukutana kisimani, ndoo mkononi, wakaulizana: "Leo anakufa nani?" Na anayejua hujibu kwa bashasha, kama anayetaja harusi: "Leo anakufa Kizenga." Basi mwulizaji hupiga kofi la furaha akasema, "Ee, tutakula! Kizenga ana watu."

Mji wenyewe hauna jina. Si kwamba lilisahauliwa. Kila aliyekuja na nia ya kuupa jina aliwakuta watu wameketi jamvini, akasogezewa sahani, akashiba, akaulizwa habari za atokako, na alipomaliza kusimulia, lile jina lilikuwa limekwisha kumtoka kichwani. Wala hauna jana. Neno lipo, ila hutumika kwa chakula tu: wali wa jana, maharage ya jana. Ukimwambia mtu wa pale, "Jana nilikuona," atakuuliza ulikuwa umebeba sahani gani. Kwa hiyo hakuna ajuaye kama ule mchezo wa Jumbe na Akida umechezwa mara moja au mara elfu, au kama ni mchezo mmoja tu ambao haujapata kwisha, na watu wanatoka kujisaidia na kurudi.

Mchezo wenyewe kila mtu anaujua kwa ghibu. Palikuwa na Jumbe aliyevaa kama watu wake, akala nao, akaketi nao, hata adui akija hawezi kumtofautisha na muuza ndizi. Jumbe huyo alikuwa na rafiki, Akida. Na Akida aliingiwa na wivu. Hakumwonea wivu kwa mali wala kwa mke. Alimwonea wivu kwa kicheko. Jumbe alikuwa na kicheko kimoja, na kicheko kile kile alichomchekea rafiki yake alimchekea mpita njia. Akida akajiuliza: kama ninapewa kile anachopewa kila mtu, mimi ni nani kwake? Swali hilo likamla kama mchwa. Akawaendea maadui akawaambia, "Njooni kama wageni. Nitakayemnawisha mikono kwanza, huyo ndiye." Maadui wakaja, wakaketi jamvini. Akida akashika birika, akamnawisha Jumbe. Yaliyofuata unayajua: majambia, kilio, na Bibi wa Jumbe kujitupa chini.

Sasa, miji mingine ingetazama mchezo huo, ingefuta machozi, ikaenda kulala. Mji huu una utaratibu wake. Jumbe akishauawa, Jumba zima la kuchezea huwa matanga ya kweli, na matanga yana pilau. Mpaka maji yatoke kwenye birika, hakuna anayekula. Na jua pia husubiri: hufika juu ya paa la Jumba likasimama pale kama mtu aliyeambiwa ngoja kidogo. Aliyeuawa huburutwa na kutolewa kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo anapokwisha. Hafi kwa namna ya kaburi, maana majambia ni ya mbao. Anakwisha kwa namna nyingine: huko nyuma hupewa jina jipya, na walio hai, hata wakikutana naye uso kwa uso, hawamtambui tena. Mkewe atampisha njiani kama mgeni. Rafiki yake atamwuliza, "Samahani ndugu, tumewahi kuonana?"

Na ili pasizuke kisasi, wazee waliagiza kwamba Jumbe na Akida sharti wawe watani. Akida huwa mtu wa Bondeni, Jumbe mtu wa Kilimani. Maana mtani ndiye pekee anayeweza kukufanyia ubaya mchana kweupe na nyumba yenu ikamshukuru.

Akida wa siku hizo alikuwa Mindu. Mtu mrefu, mkimya kwa nje, mwenye maneno mengi tumboni. Alikuwa Akida tangu hajui lini. Sura za Majumbe aliowanawisha hakuzikumbuka hata moja, ndivyo sheria ilivyotaka, lakini mikono aliikumbuka yote. Palikuwa na mkono wenye kovu la shoka chini ya kidole gumba. Palikuwa na mkono wa mfinyanzi, kucha zimejaa udongo usiotoka kwa sabuni. Palikuwa na mkono mmoja laini kama wa mtoto, uliokuwa ukitetemeka, naye Mindu aliuminya kidogo chini ya maji, kitu ambacho hakimo kwenye mchezo. Wakati mwingine akiwa peke yake mikono hiyo ilimjia, bila watu, ikasimama mbele yake ikidondosha maji.

Asubuhi hiyo, nyuma ya pazia, Kizenga alikuwa anafanya mazoezi ya kuanguka.

"Nitazame, Mindu. Hivi," akaanguka kwa ubavu, kilemba kikabiringika. "Au hivi?" Akaenda kwa magoti, polepole, mkono kifuani, macho juu kama anayehesabu boriti.

"Ya pili," Mindu akasema. "Ya kwanza unaonekana umeteleza kwenye ganda la embe."

"Nyie watu wa Bondeni mnajua nini kuhusu kuanguka? Mmezaliwa chini."

"Na nyie wa Kilimani mkila nyama hamnawi. Mnajipaka mafuta yake midomoni, mnazunguka mtaa mzima ili majirani wawaone."

"Afadhali sisi tuna nyama ya kujipaka! Babu yako alimchumbia bibi yako kwa chura."

"Na bibi akakubali. Angemwona babu yako, angemchagua chura."

Kizenga akacheka. Mwenyezi amgawie kila mtu mja mmoja mwenye kicheko kama kile! Kilianzia magotini, kikapanda, kikafika mabegani, na kilipotoka mdomoni kilikuwa kimeshawachukua wote waliokuwa karibu. Mwamvita, aliyecheza Bibi wa Jumbe, akiwa anajipaka wanja huku ameshika kioo kwa vidole vya mguu, akacheka hadi wanja ukamwendea shavuni.

"Niacheni," akasema. "Nina kazi ya kulia mimi leo. Mkinichekesha sasa machozi yataishia hapa."

"Lia vizuri, mke wangu," Kizenga akamwambia. "Usinililie kama ulivyomlilia yule aliyepita."

"Nani aliyepita?"

Hakuna aliyejua. Palikuwa na mtu mahali fulani, kama harufu ya chakula kwenye nyumba iliyokwisha fagiliwa. Kisha Kizenga akajitikisa, akakifunga kilemba chake, akasema, "Basi nililie kama mimi." Na macho yake yalikuwa yanang'aa. Tangu utoto wake mtu huyu alitaka kufa mbele ya watu wengi. Alikuwa ameshona kanzu mpya.

Hapo Mindu alihisi kitu kikimchoma chini ya mbavu, na hakikuwa kitu kimoja. Ukikitazama upande huu kilikuwa upendo: huyu mtu akipita mlango ule, kesho atanipita kisimani, nitamwambia samahani ndugu. Nani atanitukana tena? Mtu asiye na wa kumtukana yupo kweli? Lakini ukikigeuza upande wa pili kilikuwa wivu, mweusi, wenye kunuka. Kizenga ataliliwa na Jumba zima. Kizenga atasomewa, atasifiwa, wanawake watavua mitandio. Na Akida? Kila mara sinia lilipita mbele yake likaenda kwa wengine. Mwenye kuua hali na wafiwa, ndiyo desturi; huletewa makombo mlangoni, amesimama. Mindu alilisha mji mzima kwa mkono wake na hakuwahi kuketi jamvini. Basi kile kilichomchoma, je, kilikuwa cha kumzuia Kizenga asiondoke, au cha kumnyang'anya kuondoka kwake? Alijaribu kuzitenganisha nyuzi hizo mbili, akaona ni uzi mmoja uliosokotwa, na akiuvuta upande wowote fundo linakaza.

Nje Jumba lilikuwa limefurika. Watu walikalia majamvi, madirisha, migongo ya wenzao. Mbele kabisa alikaa Bi Mkasi, mwanamke mpana mwenye sauti nyembamba, asiyewahi kukosa mchezo wala habari.

"Shoga, umemwona Mindu leo?" alimnong'oneza jirani yake, na mnong'ono wa Bi Mkasi husikika mpaka barabarani. "Kakonda. Usaliti unamla."

"Usaliti unakula wenye nyama," jirani akajibu. "Yule ana nini?"

"Msimcheke. Yule ndiye jiko letu. Asiposaliti yeye, sisi tutakula mawe?"

Jumba likaangua kicheko, na ngoma ikapigwa, na mchezo ukaanza au ukaendelea. Kizenga alikuwa Jumbe hasa. Alishuka jukwaani akasalimiana na watu, akamwuliza huyu habari za mguu na yule habari za mkwe, akambeba mtoto wa mtu, akamrudisha akiwa ameshikwa na usingizi. Maadui wawili waliingia kwa kunyemelea. Kwa kawaida yao walikuwa washona viatu, ndugu wa tumbo moja, na waliyaficha majambia vibaya hata mpini wa mmoja ulichungulia kolani. Watoto wakapiga kelele, "Jumbe, angalia!" Na Jumbe, kama inavyompasa, hakusikia.

Wakaketi watatu jamvini: Jumbe, na wageni wake wawili. Mwamvita akaleta sinia lililofunikwa kawa. Mindu akatoka pembeni na birika la shaba mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto. Hata waliokuwa wanatafuna tambuu waliacha.

Maneno ya Akida pale ni machache. Husema, "Maji haya ni ya mkono, na mkono ni wa mwenzangu." Kisha humwaga.

"Maji haya ni ya mkono," Mindu akasema.

Kizenga akanyoosha mikono. Mindu akaitazama. Ilikuwa mikono mipana, ya mtu wa kugawa vitu, na kwenye kiganja cha kulia palikuwa na doa la wanja wa Mwamvita. Akaona tayari namna mikono hiyo itakavyomjia baadaye bila mtu, ikidondosha maji, na yeye akiwa hana hata jina la kuiita.

"Na mkono..." akasema. Akasimama.

Jua likafika juu ya paa, likasimama.

"Ni wa mwenzangu," Kizenga akamnong'oneza, akidhani kasahau. "Ni wa mwenzangu, we mla vyura. Sema."

Mindu hakusema.

Tuseme ukweli, ukimya ule haukupimika. Katika mji usio na jana, mtu akiacha kufanya kinachofuata, kinachofuata hakiji. Moshi wa ubani ulisimama hewani kama kamba. Mtoto mmoja aliyekuwa anapiga miayo alibaki mdomo wazi. Na ndani ya ukimya huo Mindu alikaa kama mtu aliyekaa ndani ya mtungi, akasikia mawazo yake yakigonga kuta. Nikimwaga, namsaliti rafiki. Nisipomwaga, nawasaliti wote hawa, na njaa yao, na jua lao. Msaliti ni nani? Yule anayeifikisha hadithi mwisho wake, au yule anayeivunjia njiani? Huenda hakuna mwaminifu aliyenizidi mimi hapa: nimekubali kuchukiwa ili wao wapate wa kumpenda. Huenda hakuna mwongo aliyenizidi. Mkono umechoka. Birika hili ni zito kwa maji au kwa watu?

"Mwaga!" sauti ikatoka nyuma.

"Mwaga baba, tuna wagonjwa wa madonda ya tumbo huku!"

"Mindu mwanangu," Bi Mkasi akaita, sauti ya kubembeleza kama anayemnywesha mtoto dawa, "sisi hatukuchukii. Tunakuchukia kwa mchezo tu. Hebu msaliti huyo bwana tule."

"Akida gani asiye na wivu!" mwingine akadakia. "Mwonee wivu kidogo, si ana kanzu mpya!"

Kizenga aliisogeza mikono hadi chini ya mdomo wa birika. "Mtani," akasema chini kwa chini, na mara hii hapakuwa na mzaha ndani yake, "nimengoja sana. Usinifanyie hivi."

Ndipo Mindu alipofanya jambo ambalo hakuna mtu wa mji ule angefikiri linafanyika. Aliliweka beseni chini. Akachutama mbele yake. Akamimina maji kwenye mkono wake wa kushoto, taratibu, akasugua vidole kimoja kimoja. Akahamisha birika, akanawa wa kulia. Akajipangusa kwa nguo yake mwenyewe. Kisha akawatazama wale washona viatu na kuwaambia:

"Haya. Aliyenawa kwanza ndiye. Si ndivyo tulivyoagana?"

Maadui wakatazamana. Mkubwa akauliza, "Sasa?"

"Tumeambiwa aliyenawa kwanza," mdogo akasema.

"Lakini huyu ndiye aliyetuambia."

"Basi kajiambia mwenyewe. Mimi sikusoma, kaka. Mimi nachoma nilipoonyeshwa."

"Mna wazimu?" Kizenga aliruka juu. "Jumbe ni mimi! Nitazameni! Kilemba hiki! Nani hapa ana kilemba?" Akawageukia watu. "Semeni! Nani Jumbe wenu?"

Hapo mambo yakaharibika kwa utamu. Nusu ya Jumba ikapiga kelele "Wewe!", nusu ikapiga kelele "Aliyenawa!", na Bi Mkasi alisimama juu ya kibao chake akasema kwamba yeye hajali anakufa nani, mradi pilau isiungue. Kizenga akapasua kola ya kanzu mpya, akawatolea wale ndugu kifua. "Choma hapa! Hapa! Nimefanya mazoezi!" Na mdogo alipoinua jambia kumwelekea Mindu, Jumbe yule aliyempenda kila mtu, asiyewahi kumnyima mtu kicheko, alimrukia akamshika mkono, akapiga ukelele:

"Mwongo huyo! Mwizi! Msimwamini, anawadanganya! Mimi ndiye, mimi, mimi!"

Na Mindu, amechutama na mikono yake misafi, akaona wivu umeruka kama nzi kutoka kwake ukatua kwa Kizenga. Akaona jinsi unavyomkaa vizuri. Akaona pia kwamba Jumbe hakuwa mtu na Akida hakuwa mtu. Vilikuwa viti viwili, na yeyote akikalia hiki huanza kusema maneno ya kiti hicho. Jambo hilo lilimfurahisha hata akaanza kucheka, na wakati anacheka mkubwa wa wale ndugu alizunguka nyuma, akasema "Samahani, Mindu," akamchoma.

Ilikuwa mbao tu. Lakini Jumba likapiga ukelele wa kweli. Mwamvita, ambaye siku zote alimlilia Jumbe kwa sauti ya kujifunza, alitazama huku na huku asijue mume ni yupi, kisha akajitupa juu ya Mindu na kulia kilio ambacho hajapata kulia. "Hajawahi kula na sisi!" alisema. "Hajawahi kukaa chini na kula!" Hayo hayamo kwenye mchezo. Watu wakavua kofia. Jua likasogea.

Wakamburuta. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukafungwa.

Kitu cha kwanza ni moshi. Mindu alifumba macho akikohoa, akitarajia giza, au mwanga, au sauti kubwa ya kumwuliza alichofanya na maisha yake. Badala yake alisikia mtu akisema:

"Usisimame hapo kwenye kuni."

Lilikuwa jiko. Jiko la uani, kubwa, lisilo na mwisho upande wa kushoto. Masufuria yenye ukubwa wa mitumbwi yalikaa juu ya mafiga, na watu wamejifunga vibwebwe wanakuna nazi, wanapeta mchele, wanapalia makaa juu ya mifuniko. Sura zao hakuzijua. Lakini aliyekuwa ameshika upawa alikuwa na kovu la shoka chini ya kidole gumba. Aliyekuwa anasafisha mchele alikuwa na udongo kwenye kucha. Na mkono laini kama wa mtoto ulikuwa unamenya viazi, hautetemeki tena.

"Ninyi ndio..." Mindu akasema.

"Sisi ndio," yule wa upawa akajibu.

"Kwa hiyo pilau ya matanga yenu..."

"Ulidhani inapikwa na nani? Na walio hai? Walio hai wanajua kula, bwana. Shika mwiko." Akamtazama zaidi. "Wewe ndiye uliyekuwa unatunawisha."

Mindu akainamisha kichwa. Akangoja kipigo, au tusi.

"Uliniminya mkono," mwenye mkono laini akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa naogopa. Ulinisaidia."

Basi, yakaishia hapo. Wakampa kibwebwe, wakampa jina jipya, fupi, la jikoni, na kazi ya kukoroga. Masinia yakatoka kwa tundu la ukuta, na kutoka upande wa pili zikaja sauti. Watu walikuwa wanamlilia. Mindu akaegesha sikio. Bi Mkasi alikuwa anasimulia kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, hana makuu, na kwamba yeye binafsi alikuwa akimwekea mnofu, jambo ambalo ni uongo mtupu, na Mindu akausikiliza uongo huo kama mtu anayepakwa mafuta mgongoni. Kila mmoja alikuwa na lake. Akacheka, akakoroga, akasikiliza tena.

Kisha akagundua sauti inayokosekana.

Mtani akifa, mtani wake husimama matangani. Hujilaza kaburini akidai shimo ni lake, hutangaza madeni na ulafi wa marehemu, huiga anavyotembea, mpaka wafiwa wacheke na mauti yaone haya. Hayo yasipofanyika, mtu hajazikwa. Na Kizenga alikuwa kimya. Mindu akaacha kukoroga. Ama kakasirika kwa kuibiwa kifo chake, ama tayari kasahau. Kati ya hayo mawili hakujua aombe lipi. Alikuwa na maombolezo ya mji mzima na hakuwa na tusi hata moja.

Mlango ukapigwa teke.

Hakuna aliye hai aliyewahi kuupita. Kizenga alisimama kizingitini, kola imepasuka, macho mekundu, hana kilemba. Wapishi wote wakainamisha nyuso juu ya masufuria.

"Nani kati yenu kala kifo changu?" akauliza.

Akapita mstari mzima, akitazama sura moja moja. Alifika mbele ya Mindu, akamtazama kwa muda, akasema, "Samahani, ndugu," akapita.

Mindu akafungua mdomo. Yule wa upawa alimtupia jicho: usijibu. Marehemu akimjibu aliye hai kwa ulimi wake wa zamani, mlango haufungiki tena. Moshi utaingia Jumbani. Mchezo utakosa mahali pa kuishia.

Kizenga alifika mwisho, akageuka. Mabega yalikuwa yameanguka. Kisha akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa ya kuwasema wote na kutomsema yeyote:

"Mnanuka. Nimeingia nikajua tu, hapa pana mtu wa Bondeni. Watu waliojengewa choo wakakifanya baraza! Watu ambao mgeni akiwagongea mlango wanazima jiko! Nilikuwa na mtani mmoja wa huko, mrefu kama ngazi ya kuazima. Jina lake limenitoka. Sura yake imenitoka. Nakumbuka tu kwamba babu yake alioa kwa chura."

Wapishi wakauma midomo. Mwiko wa Mindu ulikuwa umesimama. Alijua mlango ni nini na ulikuwa unashikilia nini. Alifikiri juu ya mji, juu ya jua, juu ya wazee na agizo lao. Alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayepima mchele. Halafu mdomo wake ukasema:

"Na huyo chura alikuja kumtaka dada yako, akakuta anajipaka mafuta ya nyama, akakimbia."

Kizenga alibaki ameganda. Akarudi mstari mzima, mbio, akampita, akamrudia, akamshika mabega, akaukagua uso ule kwa vidole.

"Sikujui," akasema. "Wallahi sikujui hata kidogo." Na kile kicheko kikaanza magotini.

Jikoni kote watu wakaangua. Mlango ulijaribu kujifunga, ukakwama, ukabaki wazi, na moshi ukamiminika Jumbani, ukafuatwa na harufu, na harufu ikarudi na watu. Bi Mkasi alikuwa wa kwanza kuingiza kichwa. Akaona masufuria, akaona kinachokwanguliwa chini yake, kahawia, kinanata, kinalia kwa mwiko.

"Ukoko!" akapiga ukelele, shingo imemkakamaa. "Jamani! Miaka yote hii wafu wanakula ukoko, sisi tunaletewa wali mtupu!"

Wakaingia. Hakuna aliyemtambua yeyote, na hakuna aliyeuliza. Mwamvita alikaa chini kati ya watu watatu waliowahi kuwa waume zake, wakamsogezea sinia, akawaambia kwamba wana sura za watu wema. Wale washona viatu walikwangua sufuria kwa majambia.

Mindu na Kizenga walikaa juu ya gogo. Hawakuwa na majina ya kuitana, kwa hiyo waliitana matusi. Kizenga alisema bado ana hasira, kwamba kifo kile kilikuwa chake na kanzu ni mpya, na kwamba hatasamehe. Mindu akasema asisamehe. Kisha akaletewa kipande cha ukoko, kipana kama kiganja, akakivunja. Hakikuvunjika sawa. Akavitazama vipande vyote viwili, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, akampa Kizenga kile kidogo, mchana kweupe, kama mtani.

Kizenga aliona. Akakipokea, akala.